Mwenyeji wa Kilima cha Moramu

Jumatatu, 3 Agosti 1981

Ukungu mpaka saa nne, kama jana, kama juzi. Mwiko wa kuchimbia haushikiki kwa baridi. Mraba wa tatu umeshuka kiganja kimoja tu. Mawe, udongo, mawe. Mzee Bura anachekecha, mimi nachimba, nachora, kisha nachimba tena. Goti la kulia limevimba.

Bwana Mfinanga amekuja tena kuangalia saa yake. Ni msimamizi wa barabara, Mpare, mtu wa adabu, ila anaangalia saa mno. Tingatinga lake ndilo lililokata nusu ya rundo hili la mawe mwezi wa sita, walipokuwa wakichota moramu ya kumwaga kwenye barabara ya kutoka Karatu kwenda lango la Ngorongoro. Dereva aliona bakuli la jiwe likibingirika, akazima mashine. Ndipo nikaletwa. Nimepewa mpaka tarehe kumi na nane. Baada ya hapo kilima chote kinakuwa barabara.

Mkuu wangu wa kazi, idara ya mambo ya kale, aliniaga Dar kwa maneno matatu: inua, funga, leta. Mifupa ikifika salama, nahamishiwa ofisini. Meza na kiti. Nina miaka arobaini na miwili, na kumi na mmoja kati ya hiyo nimeimaliza nimepiga magoti kwenye makaburi ya watu nisiowajua. Nakitaka kiti hicho kuliko ninavyotaka kujua nani kalala hapa. Sijivunii, lakini ndivyo.

Jumanne, 4 Agosti

Bakuli la pili. Limefunikwa kifudifudi, kando yake kigae chembamba chenye mistari. Chini yake ngeu, ule udongo wa kujipaka, nyekundu kana kwamba imepondwa jana. Zamani ningefurahi mpaka kukosa usingizi. Leo nimepima, nimechora, nimekunywa chai isiyo na sukari.

Nimeshindwa kufunga zile siku sita za Shawali, baada ya Ramadhani. Mwili hautaki.

Alhamisi, 6 Agosti

Kuna mama mzee kaja. Vazi la ngozi, bangili za shaba mpaka karibu na kiwiko. Alipita katikati ya kamba zangu za vipimo bila kuzigusa, akaenda upande wa rundo ambao haujakatwa, akamimina maziwa juu ya mawe kutoka kwenye kibuyu kidogo. Akasema maneno machache kwa sauti ya chini. Akaondoka. Hakunitazama hata mara moja.

Mzee Bura anamjua. Bura ni Mwiraqw wa Daa, Mkristo wa siku nyingi, amechimba na kila mtafiti aliyepita pande hizi. Anasema huyo ni mama yake Gidamis, Mmang'ati wa kule chini Eyasi. Binti yake ameolewa hapa jirani. Kila akija kumwona bintiye hupita hapa kwanza.

Nimekasirika. Nimemuuliza kwa nini hakuniambia kwamba watu wanaabudu mahali hapa, na siku zote hizi tumekaa naye.

"Hukuuliza, mama," amesema. "Uliuliza kuna nini chini. Hukuuliza nani anakuja juu."

Nimerudi kwenye mraba wangu.

Ijumaa, 7 Agosti

Mawe ya rundo si ya kilima hiki. Nimeyakagua moja moja. Ni mawe ya mtoni, laini, mazito. Mto wa karibu ni mwendo wa saa nzima, na kurudi ni kupanda. Kila jiwe lilibebwa na mtu. Kichwani, mgongoni, sijui. Nimeyahesabu mpaka mia nne, nikachoka kuhesabu. Wao hawakuchoka kubeba.

Jumamosi, 8 Agosti

Nimefungua shimo dogo, kipimo cha mkeka wa kuswalia, karibu na pale anapomimina maziwa. Nilitaka tu kukamilisha mchoro.

Juu kabisa shanga za kioo, za buluu. Chini yake majivu. Chini ya majivu vigae vya vyungu, na Mzee Bura akakishika kimoja akasema ni kama vya bibi yake, aliyezaliwa Mbulu. Chini yake majivu tena. Kisha vigae vya namna ambayo yeye haijui wala mimi siijui. Majivu. Kisha chini kabisa, kwenye usawa wa kaburi lenyewe, vigae vyembamba vyenye mistari, sawasawa na kile kilichokuwa kando ya bakuli la pili.

Hakuna pengo. Nimepitia kuta za shimo mara tatu kwa brashi, nikitafuta tabaka la udongo mtupu, la miaka ambayo hakuna aliyekuja. Halipo.

Maana yake ni kwamba tangu siku alipolazwa mtu huyu, kabla ya Wamasai, kabla ya Wamang'ati, kabla ya Wairaqw, mpaka juzi Alhamisi, kuna mtu amekuwa akija. Watu wamebadilika, lugha zimebadilika, ng'ombe wamebadilika. Kuja hakukukoma.

Katika kazi yetu kitu tusichokielewa tunakiita cha ibada, tunaandika hivyo kwenye mfuko, tunaufunga. Nimefanya hivyo mara nyingi mno. Leo sikuhitaji kubahatisha.

Nilikaa chini, nikasahau hata goti langu. Sikumbuki ni lini kazi ilinifanya hivyo. Halafu nikakumbuka tarehe kumi na nane, na uchovu ukarudi wote kwa pamoja.

Jumapili, 9 Agosti

Karatu. Hakuna sabuni, hakuna sukari, mafuta ya taa yaliisha jana. Mzee Salum, mwenye duka aliyenialika kwake siku ya Idi, amenikatia kipande cha sabuni ya mkewe. Nimemweleza nilichokiona. Amesikiliza vizuri, kisha akauliza kama kile cheo cha ofisini bado kipo. Nikasema kipo. "Basi maliza upumzike," akasema. Ana huruma huyu mzee. Nimerudi kambini nikalala mchana kutwa.

Jumatatu, 10 Agosti

Tumemfikia.

Ni mwanamke. Nyonga haina shaka. Amelala ubavu wa kushoto, amejikunja, viganja viwili chini ya shavu. Bakuli la tatu kisogoni. Meno yamelika mpaka kwenye fizi, kwa hiyo alizeeka. Mfupa wa paja la kulia uliwahi kuvunjika akiwa hai, ukaunga vibaya. Alichechemea miaka mingi, na kuna watu walimsubiri njiani, walimletea chakula, kisha wakambebea mawe haya yote.

Kuanzia magotini, hana miguu. Mkato ulionyooka. Tingatinga.

Nimemwita Bwana Mfinanga. Amefungua daftari lake la lori, akafuata kwa kidole. Moramu ya siku ile ilimwagwa kwenye kona ya juu ya korongo, ikashindiliwa siku hiyo hiyo. Amevua kofia, akasimama. Hakuangalia saa leo.

Miguu ya mwanamke huyu iko chini ya barabara, na magari ya watalii yanapita juu yake kila siku.

Jumatano, 12 Agosti

Mama Gidamis amerudi. Safari hii aliketi. Mzee Bura alitafsiri. Naandika kama yalivyosemwa nisije nikayapamba.

Nilimsalimia kwa heshima. Nikamweleza kwamba aliyelala hapa ni wa zamani sana, kabla ya watu wake kufika nchi hii. Kwa hiyo, nikasema, bibi, hawezi kuwa bibi wa ukoo wako. Nilisema kwa upole, lakini nilisema kama mwalimu. Najisikia vibaya sasa.

Alingoja Bura amalize. Akasema, "Ni nani aliyekwambia kwamba ni bibi yangu?"

Nikaketi chini, mbele yake.

"Sisi tulipofika tulimkuta," akasema. "Tulifundishwa na tuliowakuta wakimsalimia. Nao walimkuta. Mgeni akifika, humsalimia mwenyeji. Wewe ulipofika ulimsalimia?"

Nikasema sikumsalimia.

Akatazama chini kwenye kaburi. Sikuwa nimelifunika, kosa langu.

"Miguu yake iko wapi?"

Bura alinitazama kwanza kabla ya kutafsiri. Ningeweza kusema imeoza. Mifupa huoza, ni jambo la kawaida, asingejua. Nikamwambia kweli. Mashine, lori, kona ya juu ya korongo.

Hakulia wala hakupaza sauti. Aliuliza ni kona ipi, Bura akamwonyesha kwa mkono. Kisha akauliza kama sehemu yake iliyobaki nayo itaondolewa. Nikasema ndiyo, ndiyo amri.

"Kama lazima aondoke," akasema, "mwambie anakwenda wapi. Mtu hahamishwi kwake bila kuambiwa. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, maana ndiwe unayempeleka."

Nikasema nitamwambia. Nilikubali kwa sababu nilitaka aondoke.

Alhamisi, 13 Agosti

Nimeitwa kwenye simu ya upepo, makao ya hifadhi, kule juu ukingoni. Mkuu wangu. Sauti inakuja na kukatika. Lori linakuja Jumanne. Masanduku mangapi? Nikasema mawili, labda matatu. Nikaanza kumweleza habari za majivu na vigae, kwamba mahali hapa ibada haijawahi kukatika, kwamba thamani yake iko katika kubaki kama palivyo. Akasema, "Andika kwenye ripoti, Zuhura. Wewe lete mifupa." Ikakatika.

Si mtu mbaya. Ana stoo imejaa na bosi juu yake.

Naijua stoo ile. Rafu ya nyuma, chini ya dirisha linalovuja, kuna masanduku niliyoyafunga mwenyewe mwaka wa 1974. Nilipita pale mwezi wa tano. Mafundo ya kamba ni yangu yale yale. Hakuna aliyewahi kuyafungua.

Ijumaa, 14 Agosti

Asubuhi nimeshuka kaburini peke yangu. Bura alisimama mbali, amenipa mgongo, kama anavyosimama mtu anayemngojea mwenzake amalize kusali.

Nilitaka kutimiza ahadi, niinue, nifunge, nipeleke. Maneno mawili matatu tu. Nikamwambia assalaam alaykum, nikajiona mjinga, nikaendelea. Nikasema, bibi, unahama. Nikasema, unakwenda Dar es Salaam. Halafu ilibidi niseme mahali penyewe. Unakwenda kwenye rafu ya nyuma. Chini ya dirisha. Hakuna atakayekuja kukusalimia.

Sikuweza. Nilifungua mdomo mara mbili. Nimesema uongo mwingi katika maisha yangu, kwa wakubwa, kwa mume aliyeniacha, kwa daftari za safari. Huu haukutoka, na ukweli nao haukutoka.

Nilitoka shimoni nikamwambia Bura tunakwenda kwa Mfinanga.

Tulimkuta chini ya lori bovu. Alitoka, akapangusa mikono, akanisikiliza. Akasema kuna kilima kingine upande wa pili, moramu yake ni ngumu, itahitaji baruti, itamchelewesha, na mvua za vuli hazisubiri mtu. Akasema yeye mwenyewe, kama mwana wa watu, hataki tena kugusa pale, tangu Jumatatu hali chakula vizuri. Lakini hawezi kuhama kwa maneno.

"Nipe karatasi, dada. Iseme idara ya mambo ya kale inazuia kuchimba. Iwe na sahihi. Mimi nitakuwa nimetii."

"Sina mamlaka ya kuzuia," nikasema.

"Najua," akasema. "Na mimi sina mamlaka ya kuuliza kama unayo."

Nimeandika. Barua fupi, mistari sita. Nimetia sahihi na jina kamili. Nakala moja nimempa mwenye basi aifikishe Wasso, ofisi za wilaya, ili isionekane nimeficha.

Cheo kimekwenda. Najua.

Jumamosi, 15 Agosti

Tumemfunika. Mabakuli yote matatu yamerudi, lile la pili kifudifudi mahali pake, la tatu kisogoni, na lile lililobingirika kando yake. Ngeu niliyokuwa nimeikusanya kwenye kikaratasi nimeirudisha. Nimebaki na michoro, picha, na vigae vya shimo dogo, kwa sababu bila hivyo hakuna atakayeniamini.

Mama Gidamis alikuja na binti yake. Walileta majani mabichi na maziwa. Hakunishukuru. Sikutegemea. Sisi ndio tuliomkata miguu, mimi na serikali yangu na barabara yangu, na kwake yeye hatuna tofauti.

Mawe yalituchukua siku nzima, watu wanne. Bura na mimi, wale wawili wakitusaidia kwa yale madogo. Kulipokaribia jioni Bwana Mfinanga akaja na vibarua watatu, wakabeba makubwa.

Mgongo wangu umekwisha.

Jumapili, 16 Agosti

Mama Gidamis amekwenda kwenye kona ya juu ya korongo. Bura alinifuata mbio, akaniambia njoo.

Alikuwa katikati ya barabara, amechuchumaa, anamimina maziwa juu ya moramu iliyoshindiliwa. Vumbi lilikuwa likiyanywa mara moja. Gari la watalii likashuka kutoka juu, likapiga honi, likasimama. Kamera zikatokea madirishani. Dereva akachungulia, akamwambia bibi kwa Kiswahili apishe, ana wageni.

Mzee Bura akaenda kusimama mbele ya gari. Kofia mkononi. Akasema, "Subiri. Kuna msiba."

Dereva akauliza msiba wa nani. Bura akabaki amesimama pale pale. Dereva akazima injini. Wale wageni, sijui aliwaambia nini, wakashusha kamera mmoja mmoja.

Mama Gidamis alimaliza kwa nafasi yake. Alipopita karibu yangu alinigusa bega, kidogo tu, kama mtu anayejiegemeza asianguke. Labda ndivyo ilivyokuwa.

Jumanne, 18 Agosti

Lori limefika saa saba. Dereva alikuwa na nyasi kavu za kufungia mifupa, nyingi, amezikusanya mwenyewe njiani, mtu makini. Ameuliza masanduku yako wapi. Nikamwambia hakuna. Akauliza kama nimekosea siku. Nikampa chai, na bahasha ya kumpelekea Mkuu yenye ripoti yangu. Alikunywa, akanihurumia kwa macho, akaondoka na lori tupu.

Nimevua kamba na vigingi. Kilima kimebaki kama meno yaliyong'olewa upande mmoja. Hakuna wa kunipongeza na sijui kama nastahili. Nilimchimba mimi. Nilimfunika mimi. Katikati hapo nilimpima kila mfupa.

Ijumaa, 28 Agosti

Homa siku tano, nimelala nyumbani kwa Mzee Salum. Vidonge vya klorokwini. Masikio yanavuma. Mkewe ameniletea uji mara mbili kwa siku na hataki nizungumze.

Jumatano, 9 Septemba

Barua ya Mkuu imefika kwa basi la jana. Onyo la maandishi, nakala kwenye jalada langu. Nimetumia jina la idara bila idhini, jambo ambalo ni kweli. Cheo cha ofisini amepewa kijana mwenye cheti. Barua yangu ya kuzuia haikutenguliwa, maana kuitengua kungehitaji mtu aje apaone, na hakuna gari la kumleta. Ripoti yangu ya kurasa kumi na nne, yenye michoro ya shimo dogo, imejibiwa kwa neno moja: imepokelewa.

Nimepangiwa Sale, mbali kule kaskazini, kuorodhesha marundo ya mawe huko. Miezi mitatu, kwenye hema.

Sikulia. Nilidhani ningelia. Niliisoma mara mbili, nikaikunja, nikaona kwamba nina njaa, kwa mara ya kwanza tangu homa ianze.

Bwana Mfinanga amepita na pikipiki. Kilima kipya ni kigumu kama alivyosema, yuko nyuma ya kazi, wakubwa wake wanamsumbua. Hakunilaumu. Ameniachia ndizi.

Mzee Bura anakuja nami Sale. Ameuliza kama huko kuna baridi kama hii. Nikamwambia sijui, sijawahi kufika. Akasema basi tutajua tukifika, akaenda kumuaga mkewe kule Daa.

Ukungu umeondoka mapema leo. Nimefua nguo zote nilizo nazo, nimezianika kwenye uzio wa Mzee Salum, na nimekaa kwenye ngazi ya nyuma ya duka, nimenyoosha miguu juani, nangoja zikauke.